Kipimo Kinachokaimu: Uhakiki wa Istilahi za Kusoma na Kuandika katika Mifumo ya Mafaili ya Mtandao

Miongoni mwa kazi zinazoletwa mezani petu ili zipitiwe kabla ya kupigwa chapa, zipo ambazo makosa yake huonekana mara moja: sarufi imevunjika, upatanisho umepotea, na hata msomaji wa kawaida hutambua kwamba mfasiri hakuimudu lugha. Kazi za namna hiyo hazitusumbui sana, kwani dawa yake inajulikana. Zipo nyingine ambazo Kiswahili chake ni safi na sentensi zake zimenyooka, walakini atakayezifuata atapotea. Hizi ndizo za hatari zaidi, maana usafi wa lugha huwa pazia linaloficha upungufu wa maana.

Katika makala haya tunakusudia kuihakiki kazi moja ya aina hiyo ya pili. Ni mwongozo mfupi uliotafsiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya mafundi wa kompyuta katika ofisi za umma. Hatutamtaja mfasiri wala ofisi iliyoutumia, kwa kuwa kosa si lao peke yao. Sisi tunaoshughulikia istilahi tunalo fungu letu katika lawama, na tutalieleza.

Sura inayotuhusu ni ile inayozungumzia kiasi cha data kinachosafirishwa kwa mara moja kati ya seva na kompyuta inayosoma au kuandika mafaili yaliyomo ndani ya seva hiyo. Katika sura hiyo mfasiri ameandika kwamba "ukubwa wa msingi wa uhamisho" ni baiti 8192. Fundi mmoja aliisoma sentensi hiyo, akaielewa kama ambavyo mtu yeyote ajuaye Kiswahili angeielewa, akaiandika namba 8192 katika kila kompyuta ya ofisi yake. Aliamini ametii kanuni. Haikupita muda makarani wakaanza kulalamika kwamba hati zilizopigwa picha huchelewa kufunguka. Mitambo ilikaguliwa, nyaya zikabadilishwa, wala hakuna lililofaa. Kompyuta zilikuwa nzima. Mgonjwa alikuwa ni mwongozo.

1. Jambo lenyewe

Kabla ya kuhukumu istilahi hapana budi kulielewa jambo linalotajwa. Watumishi wa serikali wanaijua masijala. Ofisa anapotaka kusoma jalada, hupeleka ombi masijala, na tarishi humletea. Tuchukulie kwamba jalada hilo ni nene mno, na tarishi anaruhusiwa kubeba kurasa kumi tu kwa safari moja. Jalada la kurasa mia litahitaji safari kumi. Akiruhusiwa kubeba kurasa hamsini, safari zitakuwa mbili. Kurasa ni zile zile na jalada ni lile lile. Kilichobadilika ni kiasi kinachobebwa kwa safari moja.

Seva ndiyo masijala yetu. Mfumo wa mafaili wa mtandao ni utaratibu unaoiwezesha kompyuta kuyatumia mafaili yaliyo katika seva kana kwamba yamo ndani yake yenyewe. Utaratibu mashuhuri zaidi wa aina hii ni ule uliobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani mwaka 1984, unaojulikana kwa herufi NFS. Ndani yake kuna vipimo viwili. Kimoja ni kiasi cha baiti ambacho kompyuta huomba kutoka katika seva kwa ombi moja la kusoma. Cha pili ni kiasi ambacho kompyuta huipelekea seva kwa ombi moja la kuandika. Cha kwanza hutawala njia ya kuja, cha pili hutawala njia ya kwenda, na si lazima vilingane.

Namba 8192 ina historia yake. Toleo la pili la NFS, ambalo maelezo yake rasmi yalitangazwa mwaka 1989, halikuruhusu ombi moja libebe zaidi ya baiti hizo. Hiyo ilikuwa kikomo. Toleo la tatu, lililotangazwa mwaka 1995, liliondoa kikomo hicho na kuweka utaratibu mwingine: kompyuta huiuliza seva, na seva hujibu kwa namba tatu kwa upande wa kusoma na tatu kwa upande wa kuandika, yaani kiasi cha juu inachoweza kukipokea au kukitoa, kiasi inachokipendekeza, na kiasi ambacho maombi yafaa yawe mafungu yake kamili.

Siku hizi, katika mfumo wa Linux, msimamizi asipotaja namba yoyote, kompyuta na seva hupatana juu ya kiasi kikubwa kuliko vyote ambacho pande zote mbili zinakiweza, na upeo wa mapatano hayo ni baiti 1,048,576. Kiasi hicho ni mara 128 ya 8192. Faili la baiti 104,857,600, ambalo si kubwa kwa hati zilizopigwa picha, lingeweza kuletwa kwa maombi 100. Fundi wetu, kwa kutii sentensi ya Kiswahili, alilazimisha maombi 12,800. Ni kweli kwamba kompyuta hutuma maombi kadhaa bila kungojea kila moja lijibiwe, kwa hiyo hasara si mara 128. Lakini kila ombi lina gharama yake, na makarani waliilipa.

2. "Uhamisho" na "ukubwa wa maandishi"

Tuanze na makosa yaliyo mepesi. Mfasiri amelitumia neno "uhamisho" kwa tendo la kusafirisha data. Katika ofisi zetu uhamisho ni jambo linaloeleweka sana: mtumishi aliyehamishwa kutoka Songea kwenda Tanga hayupo tena Songea. Kilichohamishwa huondoka kilikotoka. Faili linaposomwa kutoka katika seva haliondoki. Kinachosafiri ni nakala ya yaliyomo. Tumewahi kuulizwa na mshiriki mmoja wa mafunzo kama faili "likishahamishwa" wenzake wataweza kuliona tena. Swali hilo halikutokana na ujinga wa muulizaji. Lilitokana na neno.

Kosa la pili linachekesha kidogo, ijapokuwa matokeo yake si ya kuchekesha. Kiasi cha baiti kinachopelekwa kwa ombi moja la kuandika kimeitwa "ukubwa wa maandishi". Msomaji yeyote wa magazeti ajua kwamba ukubwa wa maandishi ni unene na urefu wa herufi. Mfasiri alikuwa na nomino ya tendo mbele yake, akaifasiri kwa nomino ya matokeo ya tendo. Kiswahili hutofautisha kuandika na maandishi, kusoma na masomo, kula na chakula. Atakayezichanganya nomino hizi hatafsiri, bali anabahatisha.

Kwa jambo hili lugha yetu inalo neno tayari, nalo ni "mkupuo". Wananchi husema mtu amelipa deni lake lote kwa mkupuo mmoja, na kila mtumishi anayekaribia kustaafu anajua tofauti iliyopo kati ya malipo ya mkupuo na pensheni ya kila mwezi. Mkupuo ni kile kitokacho kwa mara moja. Basi yatosha kusema "mkupuo wa kusoma" na "mkupuo wa kuandika". Istilahi hizi ni fupi, hazidai kwamba kitu kimeondoka kilikokuwa, na hata fundi asiyejua Kiingereza atazielewa kabla hajafafanuliwa.

3. Neno moja kwa mambo matatu

Sasa tufike kwenye kiini cha uhakiki wetu. Katika kurasa chache za sura hiyo, maneno "ukubwa wa msingi" yametumika kwa mambo matatu yasiyofanana. Mara ya kwanza yametumika kwa kikomo, yaani kiasi kisichoweza kuzidishwa, kama ilivyokuwa 8192 katika toleo la pili. Mara ya pili yametumika kwa kiasi ambacho seva inakipendekeza. Mara ya tatu yametumika kwa kiasi kinachotumika iwapo msimamizi hakutaja kiasi chochote, yaani kile ambacho mafundi wetu hukiita "difolti" wakiwa peke yao.

Msomaji wa Kiswahili hana njia ya kutambua kwamba mambo haya ni matatu. Kwake msingi ni msingi. Naye anapoliona neno msingi hukumbuka msingi wa nyumba, shule ya msingi, haki za msingi na mshahara wa msingi. Yaani kitu cha chini kinachobeba vingine, ambacho kikiondolewa kila kitu huanguka. Ndiyo maana fundi yule aliona vema kukiandika kiasi hicho kila mahali. Ni nani angethubutu kuiacha nyumba yake bila msingi?

Laiti angeambiwa kwa maneno yaliyo dhahiri kwamba 8192 kilikuwa kikomo cha toleo la zamani, na kwamba leo akinyamaza mitambo itapatana yenyewe, angenyamaza. Kimya kingekuwa na faida kuliko utii.

4. Maneno yaliyojaribiwa

Hapa ndipo lilipo fungu letu la lawama. Neno hilo la Kiingereza limekuwa likitusumbua kwa miaka mingi, na kila mfasiri amejitafutia njia yake. Asili yake ni Kifaransa cha kale, na maana yake ya kwanza ni upungufu, kushindwa, au kukosekana kwa kilichotarajiwa. Kwa maana hiyo husemwa juu ya mdaiwa asiyelipa na mshtakiwa asiyefika mahakamani. Wataalamu wa kompyuta walichukua ile maana ya kukosekana: kitu hiki kinatumika kwa sababu kilichopaswa kusemwa hakikusemwa. Maneno ya Kiswahili yaliyopendekezwa hayana budi kupimwa kwa mizani hiyo.

La kwanza ni "kiasi cha kawaida". Neno hili linapendeza, lakini historia ya jambo lenyewe inalikanusha. Maelezo ya zamani ya Linux yalisema kwamba kiasi kinachotumika bila kutajwa ni baiti 1024, na papo hapo yakawashauri wasimamizi waombe 8192 ili kasi iongezeke sana. Waliofuata ushauri walitumia 8192, ilhali kiasi kisichotajwa kilibaki 1024. Kawaida ilikuwa huku, na difolti ilikuwa kule. Hatuwezi kuviita kwa jina moja vitu vilivyotengana hivyo.

La pili ni "kiasi cha awali". Neno hili lafaa pale ambapo kitu huanza kuwapo kabla ya kingine. Lakini katika mapatano ya siku hizi, kiasi kinachotumika msimamizi asiposema neno hakipo mwanzoni. Hupatikana mwishoni, baada ya pande mbili kuulizana na kujibizana. Awali gani hiyo inayokuja mwisho?

La tatu ni "msingi" peke yake, ambalo tumekwisha kulieleza. Tuongeze jambo moja tu: msingi wa nyumba hubaki chini ya nyumba baada ya nyumba kujengwa. Kiasi tunachokizungumzia hakibaki. Msimamizi akitaja kiasi chake na kikakubaliwa, kile cha kwanza hutoweka kabisa.

La nne ni "chaguo-msingi", ambalo limeenea mno katika tafsiri za programu za simu na kompyuta. Hatulidharau. Pale ambapo mtumiaji anatazama orodha ya machaguo na mojawapo limekwisha kuwekewa alama, neno hili halimpotezi, na mamilioni ya watu wamelizoea. Lakini chaguo lazima liwe na mchaguaji. Kiasi tunachokieleza hutumika kwa sababu hakuna aliyechagua. Kumwita asiyechaguliwa chaguo ni kuligeuza jambo juu chini. Zaidi ya hayo, neno hilo halizai kitenzi, na fundi anahitaji kitenzi, kwa kuwa anataka kueleza kinachotendeka.

5. Pendekezo letu: "kaimu"

Neno tunalolipendekeza limekuwapo katika barua za serikali siku zote, nalo ni "kaimu". Limetujia kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake una maana ya kusimama. Kaimu ni yule asimamaye mahali pa mwingine. Mkurugenzi asipokuwapo, kaimu mkurugenzi hutia sahihi. Hakuchaguliwa kushika cheo hicho, wala si msingi wa idara. Anatenda kwa sababu nafasi ina pengo. Mwenye cheo akifika, ukaimu hukoma siku hiyo hiyo.

Hiyo ndiyo tabia hasa ya jambo letu. Tunasema basi "kipimo kaimu", na kwa wingi "vipimo kaimu". Kitenzi nacho kipo: "kipimo kisipotajwa, 1024 hukaimu". Hata hali zenye utata hulitii neno hili. Maelezo ya Linux yanasema kwamba msimamizi akitaja kiasi kilicho chini ya baiti 1024, mfumo hukiacha na kukiweka 4096 mahali pake. Hapo kiasi kimetajwa lakini hakistahili, na kingine kimesimama badala yake. "Chaguo-msingi" haliwezi kulieleza tukio hilo bila kujipinga. "Kaimu" hulieleza kwa neno moja.

Tunajua pingamizi zitakazotolewa. Wako watakaosema kwamba kaimu ni mtu, nayo namba si mtu. Lakini hao hao wamekwisha kukubali kompyuta inayoiomba seva iitwe "mteja", na hatujasikia kwamba imewahi kwenda dukani. Aliyekubali kompyuta iwe mteja hana sababu ya kuikatalia namba ukaimu. Wengine watasema kwamba kaimu ni wa muda, ilhali kipimo kisichotajwa chaweza kudumu miaka mingi. Kwa pingamizi hili tunawaachia wasomaji wetu walio katika utumishi wa umma watoe ushahidi juu ya makaimu wanaowafahamu.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, nasi tunaliheshimu: kwamba kuleta neno jipya mahali palipo na neno lililoenea ni kuwachanganya watu. Tumekwisha kuona ilivyokuwa kwa chombo chenyewe, ambacho shule za Kenya hukiita tarakilishi na wananchi wa Tanzania huendelea kukiita kompyuta. Kwa hiyo hatupendekezi kwamba "chaguo-msingi" ling'olewe katika simu za watu. Tunapendekeza kwamba katika maandishi ya kiufundi, ambamo kosa la neno huweza kuwa kosa la mitambo, litumike neno linaloitaja hali ilivyo.

6. Sura ingalivyoandikwa

Kwa kuwa mhakiki asiyetengeneza ni kama fundi anayebomoa tu, tunatoa hapa maneno ambayo yangefaa katika sura hiyo:

"Mkupuo wa kusoma ni kiasi cha baiti ambacho kompyuta huiomba seva kwa ombi moja. Mkupuo wa kuandika ni kiasi ambacho kompyuta huipelekea seva kwa ombi moja. Katika toleo la pili upeo wa kila mkupuo ulikuwa baiti 8192. Katika matoleo yaliyofuata, msimamizi asipotaja mkupuo, hakuna namba moja inayokaimu. Kinachokaimu ni mapatano kati ya kompyuta na seva. Kwa hiyo usitaje kiasi chochote isipokuwa una sababu unayoijua. Ukikitaja, hakikisha kwa kutazama kiasi kilichokubaliwa, kwani huenda kisiwe kile ulichokitaja."

Sababu hizo zipo. Kwa mfano, zamani data ilipokuwa ikisafirishwa kwa itifaki ya UDP katika nyaya za Ethernet, ambazo kwa desturi hubeba vifurushi visivyozidi baiti 1500, mkupuo wa 8192 ulikatwa vipande sita. Kipande kimoja kikipotea njiani, mkupuo wote ulirudiwa. Katika mtandao mbovu, msimamizi aliyeupunguza mkupuo alifanya busara. Itifaki ya TCP hurudisha kile kilichopotea tu, kwa hiyo busara hiyo imepoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Tunaitaja ili mfasiri aone kwamba namba aliyokuwa akiifasiri ilikuwa na sababu ya kupanda na sababu ya kushuka, wala haikuwa msingi wa kitu chochote.

Istilahi tunazozipendekeza ni hizi:

mkupuo (mikupuo): kiasi cha data kinachosafirishwa kwa ombi moja.

mkupuo wa kusoma: mkupuo utokao katika seva kwenda kwa kompyuta iliyoomba.

mkupuo wa kuandika: mkupuo utokao katika kompyuta kwenda kwa seva.

upeo wa mkupuo: kiasi ambacho mkupuo hauwezi kukizidi.

kipimo pendekezwa: kiasi ambacho seva inakipendekeza kwa kazi zake.

kipimo cha mapatano: kiasi ambacho pande mbili zimekubaliana baada ya kuulizana.

kipimo kaimu: kiasi kinachotumika pale ambapo hakuna kilichotajwa, au kilichotajwa hakikustahili.

Lawama yetu kwa mfasiri ni moja tu, nayo yatuhusu sote: alitafuta neno la Kiswahili kabla ya kulielewa jambo. Kamusi ilimpa "msingi" naye akalipokea, akalitumia mara tatu kwa mambo matatu, na kwa kuwa sentensi zake zilikuwa nzuri hakuna aliyemshuku, nasi tukiwa miongoni mwa wasiomshuku hadi malalamiko ya makarani yalipotufikia. Mwenye kutafsiri habari za mitambo aanze kwa kuuliza: kitu hiki kinafanya nini, na kisipokuwapo kunatokea nini? Akishajibiwa, aghalabu ataona kwamba neno analolitafuta limo tayari katika masijala, katika stakabadhi ya mshahara, au katika barua aliyoitia sahihi kaimu wa idara yake asubuhi ile ile.

Tunawaomba walimu wa kompyuta, wafasiri na mafundi wayajaribu maneno haya mbele ya wanafunzi na wasomaji wao, kisha watuletee maoni, hasa pale yatakapokataa kukaa. Istilahi isiyopingwa huenda ikawa haijasomwa.